Mwanamke wa Makamo katika Njia ya Misafara

Katika karne ya 19 wanawake wa Kinyamwezi waliandamana na misafara ya Tabora na Ujiji, wakibeba vyombo na kupika kambini. Mwaka 1914 reli iliyopita Usinge ilifika Kigoma, na mizigo ya misafara ikahamia garini. Jembe, kuni na maji vikabaki kwa mwanamke. Azimio la Arusha la 1967 lilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko wote.

Afikapo miaka 50 hivi, hedhi hukoma. Huenda akapatwa na joto la ghafla, akakosa usingizi, na mifupa yake ikadhoofu. Zahanati zilizoenea vijijini miaka ya 1970 zilitanguliza wajawazito na watoto, nayo ilikuwa haki. Lakini aliyekwisha kuzaa angali analima na kulea wajukuu. Hapana budi naye aulizwe hali yake.