Shukrani ya Mavuno Meru na Embu, Kabla na Baada ya Kahawa

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, desturi ya kushukuru kwa mazao ilitangulia pesa. Waembu na majirani zao Wameru walitoa dhabihu ya kondoo au mbuzi katika vichaka vitakatifu ambamo hakuna aliyeruhusiwa kukata mti. Waliomba mvua ilipokawia, na walishukuru shamba lilipojibu.

Ardhi yenyewe iliwafunza kutegemeana. Juu karibu na msitu kuna baridi na mvua nyingi; katikati ndizi na viazi vikuu hustawi; chini, Mbeere na Tharaka, ni nchi ya joto, mtama, mawele, mbaazi, mbuzi na mizinga ya nyuki. Ukame ulipobana nyanda za chini, watu walipanda milimani na mbuzi na asali kutafuta chakula. Mwenye ghala lililojaa alijua kuwa mwaka mwingine zamu ya kuomba ingeweza kuwa yake. Kushukuru kukawa pia ni kugawa.

Wamisionari walikuta desturi hiyo na kuiongezea sura mpya. Waanglikana walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa shirika la Consolata wakafika Meru mwaka 1911, Wamethodisti wakaanza kituo cha Kaaga mwaka 1912, na Kanisa la Scotland likajenga kituo cha Chogoria mwaka 1922. Nchini Uingereza, ibada ya mavuno ya namna ya kisasa ilikuwa imeanzishwa mwaka 1843 na kasisi Robert Stephen Hawker huko Morwenstow, Cornwall. Katika makanisa ya Mlima Kenya ibada ya aina hiyo ilipata mizizi upesi, kwa kuwa wazo lake halikuwa geni.

Sikukuu ya mavuno hufuata utaratibu unaojulikana na kila muumini. Waumini huja na walicho nacho: mkungu wa ndizi, debe la maharagwe, kuku aliyefungwa miguu, mayai, miwa, nduma zenye udongo bado. Vyote huwekwa mbele ya madhabahu na kuombewa. Ibada ikiisha, mnada huanza nje. Yai moja laweza kununuliwa kwa bei ya trei nzima, kisha mnunuzi akalirudisha liuzwe tena. Asiye na shilingi hata moja hutoa sawa na wengine, na sadaka yake hupokewa kwa makofi yale yale.

Pesa iliingia kwa wingi kupitia kahawa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia Waafrika kulima zao hilo ili kulinda mashamba ya walowezi. Mwaka 1933 iliruhusu lilimwe kwa majaribio katika maeneo matatu: Meru, Embu na Kisii. Mpango wa kilimo wa serikali hiyo wa mwaka 1954, ulioitwa Mpango wa Swynnerton, ulikipanua kilimo hicho, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya na kuosha kahawa kando ya mito. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazili, bei ikapanda duniani kote, na miaka ya 1976 na 1977 ikawa ya neema kubwa. Kahawa ililipa karo, ikaezeka nyumba mabati, ikachangia harambee za shule na zahanati.

Neema hiyo haikudumu. Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na ndani ya miezi michache bei ikashuka karibu nusu. Kwa mkulima mdogo pigo lilikuja mara mbili, kwani hata kile kidogo kilichouzwa kilikatwa madeni na gharama kabla ya kumfikia, tena kwa kuchelewa. Kenya ilivuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Kufikia mwisho wa muongo wa 2000 mavuno yalikuwa chini ya nusu ya hapo. Sheria ilikataza kung'oa mibuni bila kibali, kwa hiyo wengi waliiacha bila mbolea wala dawa, wakapanda maharagwe na mahindi katikati ya mistari.

Hapo ndipo thamani ya shamba la chakula ilipoonekana. Kiazi kikuu cha Meru hupandwa kando ya mti hai, nao mtambaa wake hupanda juu ya mti huo mwaka baada ya mwaka. Mchimbaji hufukua pembeni, hukata kipande cha kutosha chungu cha siku hiyo, kisha hufukia kilichobaki kiendelee kukua. Nduma hukaa bondeni penye maji, na ndizi huzaa bila kungoja msimu. Nyumba iliyokosa hela ya sukari iliweza bado kupika githeri, kukamua ng'ombe na kumpelekea njahi jirani aliyejifungua ili zimrudishie nguvu. Sikukuu ya mavuno haikukoma katika miaka hiyo, maana sadaka yake ilitoka shambani.

Shukrani hiyo haikuwafumba wakulima macho wasione dhuluma. Baada ya sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1997 kupunguza mkono wa serikali, vyama vingi vikubwa viligawanyika, kila kiwanda kikitaka kusimamia hesabu zake, na madai ya malipo ya haki yakaendelea kwa miaka mingi. Wengine waligeukia majani chai, makadamia na maziwa, na wakulima wa Igembe na Tigania huko Meru wakaendelea na miraa, ambayo nayo ilipoteza soko la Uingereza mwaka 2014. Kila soko lilipoyumba, jamii hizi zilidai haki yao sokoni na kanisani zikamshukuru Mungu kwa kilichobaki shambani. Mambo hayo mawili hayakugongana: aliyejua thamani ya alichonacho ndiye aliyejua pia alichonyimwa.