Utamu Unaotangulia Chai: Historia ya Wagashi

Katika mwaliko rasmi wa chai nchini Japani, kitamutamu huliwa kwanza na chai hunywewa baadaye. Mgeni hukimaliza chote, akafuta kijiti alichokilia, akakunja karatasi yake, ndipo zamu ya bakuli inapofika. Hakuna kutafuna huku mtu anakunywa. Utamu uliobaki ulimini ndio unaoupokea uchungu wa chai. Mnywaji wa kahawa chungu wa Mombasa au Unguja, anayemega kashata au halua kabla ya kuinua kikombe, anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Vitamutamu hivyo huitwa wagashi, na utaratibu wa kuviandaa awamu kwa awamu, kila awamu na chai yake, ulijengeka kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Neno kashi, ambalo hugeuka gashi likiunganishwa na jingine, awali lilimaanisha matunda na kokwa. Nihon Shoki, kitabu cha tarehe kilichokamilishwa mwaka 720, kinasimulia kisa cha Tajimamori, aliyetumwa na mfalme Suinin kuvuka bahari kutafuta tunda la jamii ya chungwa ambalo harufu yake haififii. Alirudi nalo akakuta mfalme amekwisha kufa, naye akafa kwa majonzi penye kaburi la bwana wake. Hadi leo huheshimiwa kuwa mungu wa vitamutamu. Vitamutamu vya kupikwa vililetwa na wajumbe waliotumwa China wakati wa utawala wa Tang: unga wa mchele au wa ngano uliokandwa, ukasokotwa na kukaangwa kwa mafuta, ukatolewa sadaka mahekaluni. Waliotaka utamu walichemsha utomvu wa mtambaazi uitwao amazura. Mwandishi wa kike wa ikulu, Sei Shōnagon, aliyeandika karibu mwaka 1000, alihesabu barafu iliyoparuzwa na kumwagiwa amazura katika bakuli jipya la chuma miongoni mwa vitu vyenye kupendeza. Sukari ilikuwa bado dawa. Orodha ya dawa zilizowekwa wakfu katika hekalu la Tōdaiji, Nara, mwaka 756 inaitaja sukari pamoja na mizizi na magome ya kutibia.

Chai nayo ilianza kama dawa. Mtawa Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai na desturi ya kuisaga unga na kuivuruga katika maji ya moto. Mwaka 1211 aliandika kitabu kuhusu chai na afya, na mwaka 1214 alimpelekea bakuli mtawala wa kijeshi, yaani shogun, Minamoto no Sanetomo, aliyekuwa akiugua baada ya usiku wa ulevi. Mashamba ya mwanzo yenye sifa yalikuwa Toganoo, kaskazini-magharibi mwa Kyoto. Baadaye eneo la Uji likaishinda. Huko wakulima walianza kuifunika michai kwa matete na majani makavu wiki chache kabla ya kuchuma. Jani lililonyimwa jua hupungukiwa ukakasi na kubaki na ladha nzito inayofanana na ya supu.

Watawa wa Zen walileta pia vyakula vidogo vya kuliwa kati ya milo, na hapo ndipo vitamutamu viwili vikubwa vya Japani vilipozaliwa. Yōkan, ambayo sasa ni mche mweusi wa rojo ya maharage, ilikuwa China mchuzi wa nyama ya kondoo, na herufi ya kondoo bado imo katika jina lake. Watawa hawakula nyama, basi wakauiga mnofu kwa maharage na unga uliopikwa kwa mvuke. Manjū, andazi la mvuke lenye kiini, inahusishwa na Mchina Lin Jingyin aliyehamia Nara katikati ya karne ya 14 na kuijaza maharage badala ya nyama. Hekalu dogo linalomkumbuka lipo Nara, na kila tarehe 19 Aprili watengenezaji wa vitamutamu hukusanyika hapo na maandazi yao.

Karne mbili baadaye Sen no Rikyū (1522–1591) aliipa sherehe ya chai sura iliyo nayo leo: chumba kidogo, vyombo visivyong'aa, wageni wachache. Anayedhani kuwa wageni wake walikula maua ya rangi ya waridi anakosea. Walipewa njugu za chestinati, matunda ya kaki yaliyokaushwa, mwani wa kuchemsha, uyoga, au fu no yaki, chapati nyembamba ya unga wa ngano iliyopakwa miso na kukunjwa. Mafundi husema hadi leo kwamba utamu wa wagashi usizidi ule wa kaki iliyokaushwa, na kipimo hicho kinatoka katika meza ile ya umaskini wa hiari.

Kilichobadili mambo kilikuja kwa merikebu. Wareno walifika Tanegashima mwaka 1543, kwa njia iliyoanzia Lisbon, ikazunguka Afrika na kupanda na pepo za kusi hadi Goa, kisha Malacca. Francis Xavier, aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India, ndiye aliyetua Kagoshima mwaka 1549 na kuanza kuhubiri Ukristo. Pamoja na bunduki na misalaba zikaja keki ya mayai, iliyopata jina la kasutera, na peremende zenye vijipembe, ambazo jina lake la Kireno, confeito, liligeuka konpeitō. Mwaka 1569 padri Luís Fróis alimzawadia Oda Nobunaga, mbabe wa zama zile, konpeitō katika chupa ya kioo. Mayai yalikuwa mageni katika vitamutamu vya Kijapani, na sukari nyingi kiasi hicho ilikuwa ngeni zaidi.

Wareno walifukuzwa mwaka 1639, lakini hamu ya sukari ilibaki. Kwa zaidi ya miaka mia mbili iliingia Nagasaki, kwa majahazi ya Wachina na meli za Waholanzi waliofungiwa katika kisiwa cha Dejima. Ilipanda njia ya nchi kavu kupitia Kyushu, na miji iliyo kando ya njia hiyo ingali na vitamutamu vyake maalumu. Sukari nyingine ilitoka kusini, na historia yake ni chungu. Mwaka 1609 jimbo la Satsuma liliuvamia ufalme wa Ryukyu na kuvitwaa visiwa vya Amami. Wakulima wa Amami walilazimishwa kulima miwa na kupika sukari guru, na kuanzia mwaka 1830 Satsuma ilihodhi biashara yote. Aliyeuza kwa siri aliweza kuuawa. Mapato hayo yaliijaza hazina ya jimbo ambalo baadaye lilisaidia kuiangusha serikali ya mashogun. Haifai kuusifu utamu wa zama zile bila kuwataja waliovunjika migongo kwa ajili yake.

Shogun Tokugawa Yoshimune, akiona fedha ya nchi ikiyeyukia Nagasaki, alihimiza miwa ilimwe nyumbani. Juhudi hizo zilikomaa mwishoni mwa karne ya 18 katika majimbo ya Sanuki na Awa, kisiwani Shikoku, kwa kupatikana wasanbon. Sukari ghafi hufungwa katika vitambaa na kukandamizwa kwa mti mrefu ulioning'inizwa mawe, mpaka asali nyeusi itiririke. Kisha hutolewa, ikarushiwa maji, ikakandwa kwa mikono juu ya kibao, ikarudishwa chini ya mawe, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa. Kinachobaki ni unga wa rangi ya maziwa, laini kama poda. Ukishindiliwa katika kalibu ya mti wa mcheri iliyochongwa ua au wimbi na kugongwa utoke, hukauka ukawa kipande kinachoyeyuka mdomoni kabla hakijatafunwa. Tarakimu tatu iliyo katika jina, san, inafasiriwa kuwa idadi ya makando.

Sukari ilipopatikana, Kyoto iliifanya sanaa. Maduka yaliyohudumia ikulu, mahekalu na mabingwa wa chai yalijitenga na wauza maandazi wa mtaani, na mwaka 1775 serikali ilitambua maduka 248 tu kuwa ya vitamutamu vya daraja la juu. Toraya, duka lililohudumia ikulu tangu karne ya 16, lingali na kitabu cha michoro cha mwaka 1695: kila kitamutamu kimepakwa rangi na kuandikwa jina, na mteja huchagua kama achaguavyo kitambaa cha kushona. Jina lenyewe ni sehemu ya mlo. Donge la nyuzi nyekundu na manjano likiitwa Tatsuta, mgeni aliyesoma hukumbuka mto uliosifiwa na washairi kwa majani yake ya mipo yanayoelea, na anakula huku akiuona. Ugunduzi mwingine wa karne ya 17 ulihusu mwani: katika mji wa Fushimi, jeli ya mwani iliyoachwa nje usiku wa baridi kali iliganda na kukauka, ikawa kanten, kitu kikavu kinachogandisha bila mifupa wala ngozi ya mnyama. Yōkan ikapata mng'ao na uwezo wa kukaa miezi.

Msingi wa karibu wagashi zote ni rojo ya maharage iitwayo an. Azuki, maharage mekundu madogo kama choroko, huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa kuondoa ukakasi, yakachemshwa tena mpaka yapondeke kati ya vidole viwili. Hupitishwa chekechekeni maganda yabaki juu, wanga huoshwa na kukamuliwa kwa kitambaa, ndipo sukari hutiwa. Tangu hapo mwiko haupumziki, kwani rojo ikishika chini, sufuria nzima hunuka moshi. Kwa nerikiri hutumiwa maharage meupe, yakachanganywa na unga wa mchele wa kunata uliopikwa. Fundi hutandaza donge la rangi kiganjani, akaweka kiini cha an katikati, akalizungusha kwa kidole gumba mpaka lijifunge, halafu akachora petali kwa ukingo wa kijiti cha pembe tatu. Kwa kinton husukuma rojo kupitia matundu ya chekecheke, ikatoka nyuzi nyuzi, akazipachika moja moja kwa ncha za vijiti. Nyuzi za kijani ni majani mapya. Ncha zikiwa nyeupe, ni theluji. Siagi na maziwa havimo.

Mwaliko kamili wa chai huchukua saa nne hivi. Baada ya mlo mwepesi huletwa omogashi, kitamutamu kikuu, ambacho ni kibichi, yaani chenye maji asilimia 30 au zaidi. Wageni hukikata kwa kijiti cha kuromoji, mti ambao gome lake hunukia. Kisha huenda bustanini kupumzika, na mlio wa chuma unapowaita hurudi kunywa koicha, chai nzito kama rangi ya kupaka. Gramu 4 hivi za unga hupimwa kwa kila mgeni, na wote hunywa katika bakuli moja linalopita mkono kwa mkono. Uzito huo ungemtia kichefuchefu mtu mwenye tumbo tupu, na hii ndiyo sababu ya mlo na kitamutamu kutangulia. Mwisho huja usucha, chai nyepesi yenye povu, gramu 2 kwa bakuli la kila mtu. Chai hii haihitaji mlinzi, basi hutangulizwa higashi tu, vile vipande vikavu vya wasanbon vyenye maji yasiyozidi asilimia 10.

Kalenda nayo ina amri yake. Mwaliko wa kwanza wa mwaka huwa na hanabira mochi, duara jeupe lililokunjwa juu ya kijiti cha mzizi wa gobo na miso nyeupe. Tarehe 30 Juni watu wa Kyoto hula minazuki, pembetatu nyeupe inayoigiza barafu, kwa kuwa zamani barafu halisi ilikuwa ya wakubwa peke yao. Karamu kubwa kuliko zote ilikuwa ya Edo, mji wa mashogun, siku ya 16 ya mwezi wa sita, ambapo shogun aliwagawia makabaila na maofisa wake vitamutamu zaidi ya 20,000 katika ukumbi wa mikeka 500. Mwaka 1979 chama cha kitaifa cha watengenezaji kiliifufua kumbukumbu hiyo na kuifanya tarehe 16 Juni siku ya wagashi.

Jina wagashi, yaani kitamutamu cha Kijapani, halikuhitajika mpaka vya Kizungu vilipoingia kwa wingi baada ya mwaka 1868. Ikulu ilihamia Tokyo, na Toraya ikaifuata mwaka 1869. Mwaka 1874 duka la Kimuraya likatia an ndani ya mkate, na anpan ikaanza safari yake. Pigo kubwa lilikuja na vita: sukari iligawiwa kwa kipimo tangu mwaka 1940, na udhibiti haukuondolewa mpaka 1952. Maduka mengi yalizima majiko, na kalibu za chuma zikaenda kuyeyushwa.

Katika miaka ya karibuni, maduka ya Tokyo na Kyoto yameutoa utaratibu wa kitamutamu na chai katika chumba cha mikeka na kuuleta kwenye meza ndefu, fundi upande mmoja, wageni upande wa pili. Huandaliwa vitamutamu vitatu hadi vitano, kila kimoja na chai yake: gyokuro kwa maji ya nyuzi 50 hadi 60, sencha kwa 70 hadi 80, hōjicha iliyokaangwa kwa maji yachemkayo, na aghalabu chai ya unga kufungia. Sencha, jani lililopikwa kwa mvuke na kuviringwa kwa namna aliyoibuni Nagatani Sōen wa Uji mwaka 1738, haikuwa na nafasi katika chumba cha Rikyū. Hapa imepata kiti. Mwaka 2022 serikali ya Japani ilisajili utengenezaji wa vitamutamu vibichi vyenye majina, nerikiri na mwenzake konashi wa Kyoto, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichosajiliwa ni ufundi wa mkono, kwani nerikiri yenyewe iliyofinyangwa asubuhi hupaswa kuliwa siku hiyohiyo.