Mgongo uliopinda na pumzi ya mtoto (Sehemu ya 4)

Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu tishu unganishi, ile "gundi" inayoshikilia mifupa, mishipa, macho na ngozi. Wengi mliuliza: gundi ikiwa dhaifu tangu kuzaliwa, kwa nini mtoto ahangaike na pumzi wakati mapafu yenyewe hayajaugua? Jibu lina historia ndefu kidogo, nivumilieni.

Mwaka 1896 huko Paris, daktari wa watoto Antoine Marfan aliwaonyesha madaktari wenzake binti wa miaka 5 aitwaye Gabrielle. Mikono na miguu yake ilikuwa mirefu isivyo kawaida, vidole vyembamba kama miguu ya buibui. Eksirei ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa, mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1902 madaktari Méry na Babonneix wakampiga binti huyo huyo eksirei, wakakuta mgongo haukukaa sawa na kifua hakilingani pande mbili. (Wataalamu wa baadaye wanadhani huenda Gabrielle alikuwa na ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Jina la Marfan likabaki hivyo hivyo.)

Sasa chukua tenga la kuku. Ukilikunja upande mmoja, fito za upande huo zinabanana na nafasi ya ndani inapungua. Mbavu ni hivyo hivyo. Mgongo ukipinda sana unazizungusha mbavu, pafu la upande mmoja linakosa pa kutanukia, na misuli ya kuvuta hewa inafanya kazi ikiwa imekaa vibaya. Kwa mtoto mwenye Marfan, mbavu nazo hurefuka kupita kiasi na kuusukuma mfupa wa kidari: ama unabonyea ndani kama bakuli, ama unachomoza kama kifua cha njiwa. Kupinda kidogo kwa kawaida hakusumbui pumzi, msije mkakosa usingizi. Shida ni kupinda kukubwa, hasa kukianza utotoni.

Na jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kitabu cha Kigiriki kuhusu viungo, kinachohesabiwa kati ya vile vya Hippocrates, kilishaeleza kwamba anayepata kibiongo kabla hajamaliza kukua, kifua chake huchongoka badala ya kutanuka, na kuhema kunakuwa kwa shida.

Lakini matibabu yaliutazama zaidi mgongo. Miaka ya 1950, huko Houston, Marekani, Paul Harrington alianza kunyoosha migongo ya watoto waliopooza kwa polio akitumia fimbo za chuma. Baadaye pingili zikawa zinaunganishwa zishikane kama mfupa mmoja. Kwa kijana anayekaribia kumaliza kukua, ilikuwa msaada mkubwa kweli. Kwa mtoto mdogo ilikuwa na gharama: mgongo ulioganda haurefuki, na kifua kinabaki kidogo. Vifuko vya hewa vya mapafu huongezeka zaidi katika miaka ya mwanzo, hadi kama miaka 8 hivi, navyo vinahitaji nafasi. Picha ilipendeza, mgongo umenyooka, lakini mtoto anahema.

Aliyelisema hili waziwazi ni Robert Campbell, daktari wa mifupa wa San Antonio, Texas. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na mwenzake Melvin Smith walitengeneza "mbavu" za titani zinazorefushwa kila baada ya miezi kadhaa, kufuata ukuaji wa mtoto. Mamlaka ya Marekani iliziruhusu mwaka 2004. Huko London, Min Mehta alitumia plasta kwa watoto wachanga ili kukua kwenyewe kunyooshe mgongo. Kwa wenye tishu dhaifu, plasta mara nyingi haimalizi tatizo, ila inanunua muda wa kifua kukua. Kwangu mimi, muda huo ni dhahabu.

Kipimo cha nyumbani nacho ni cha zamani, tangu William Adams, mpasuaji wa London wa miaka ya 1860. Mvue mtoto shati, ainame mbele, mikono ikining'inia. Simama nyuma yake. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, nenda hospitali aonwe na daktari wa mifupa. Bibi zetu wa kukanda tunawaheshimu, lakini mkono haunyooshi mgongo wa namna hii, na viungo vya watoto hawa huteguka kirahisi. Na mtoto mrefu mwembamba akishikwa ghafla na maumivu ya kifua na pumzi kukata, msisubiri asubuhi: pafu linaweza kuwa limesinyaa.

Mkifika, mwambieni daktari pia kama kwenye ukoo yupo mrefu mwembamba aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Hilo linahusu mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, na ndiyo sehemu ya 5.