Nyavu za kuvua ukungu: si kila penye jasho pana maji

Sisi watu wa pwani twazijua nyavu za samaki. Leo nataka nieleze nyavu za kuvulia maji, maana kila mifereji ikikauka na bei ya mtungi wa mkokoteni ikipanda, kuna anayenionyesha video ya simu na kuniuliza: mbona hizi hatuwekewi Mombasa?

Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani. Wavu husimamishwa kwa milingoti mlimani, ukaelekezwa upepo unakotoka. Matone hunasa kwenye nyuzi, yakaungana, yakawa mazito, yakateremka kwenye mfereji ulio chini hadi tangini. Hakuna umeme wala pampu.

Siri iko kwenye uzi. Ukiwa mnene, upepo huuzunguka na kuyachukua matone. Ukiwa mwembamba hunasa zaidi. Lakini matundu yakiwa madogo kupita kiasi, maji huyaziba. Mwaka 2013 watafiti wa MIT ya Marekani, pamoja na wenzao wa Chile, walitumia nyuzi za chuma kisichoshika kutu, unene wake kama nywele tatu au nne, zikapakwa dawa ili tone liteleze upesi. Walipata maji hadi mara tano ya yale ya wavu wa kawaida wa plastiki.

Hata huo wa plastiki si wa kudharauliwa. Chungungo ni kijiji cha wavuvi huko Chile kilichokuwa kikiletewa maji kwa malori. Kuanzia 1992 kilipata wastani wa lita 15,000 kwa siku kutoka nyavu zipatazo 100 kwenye mlima El Tofo. Kila mita moja ya mraba ilitoa kama lita tatu. Miaka kumi baadaye nyavu zilikuwa zimechakaa bila wa kuzishona, na malori yakarudi. Mvuvi yeyote angewaambia: wavu usioshonwa hauvui.

Sasa jibu la Mombasa. Jasho letu hapa latokana na mvuke, na mvuke si ukungu. Mvuke hupita kwenye wavu kama hewa yoyote. Wavu wataka mlima, upepo na ukungu wa kudumu, kama Dhofar kule Oman wakati wa khareef, Juni hadi Septemba, ambako nyavu zimejaribiwa.

Ukungu wetu uko vilele vya Taita na Chyulu, na wavu wake ni miti. Majani na kuvu la miti hunasa matone, yakadondoka ardhini. Chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huja kwa bomba hadi Mombasa, zalishwa na vilima vya Chyulu. Anayekata mti kule akata wavu wetu.

Kwa hivyo akija mtu kuwauzia wavu wa maji, muulizeni mawili: ukungu uko wapi, na nani ataushona ukitatuka?