Neno Antigraviti na Matumizi Yake

Neno antigraviti limeungwa kwa vipande viwili: anti, yaani kinyume, na graviti, yaani uvutano uleta-uzito. Maana yake halisi ni kuuondoa au kuugeuza uvutano wenyewe, wala si kuushinda kwa nguvu nyingine. Eropleni hupaa, lakini huvutwa chini daima. Hewa ndiyo iibebayo. Hata wasafiri waeleao kama unyoya katika chombo chao, kilomita 400 juu ya ardhi, wamo katika uvutano upatao tisa ya kumi ya huu wetu. Wanaanguka pamoja na chombo chao wakiizunguka dunia. Kuiita hali ile antigraviti ni kulitwika neno mzigo usio wake.

Mwaka 1901 H. G. Wells alibuni katika hadithi yake madini yazuiayo uvutano kama pazia lizuiavyo jua, na watu wakafika mwezini kwayo. Newton, katika kitabu chake cha 1687, hakuacha nafasi ya pazia kama hilo, na Einstein mwaka 1915 aliuonyesha uvutano kuwa ni kupindika kwa mahali na wakati. Mpindo hauzibwi kwa pazia.

Lakini neno halikufa, maana lilipata mtu wa kulipenda kwa huzuni. Roger Babson, tajiri wa Marekani aliyeonya juu ya anguko la masoko ya hisa la 1929, alifiwa na dada yake utotoni, aliyezama mtoni. Na mwaka 1947 mjukuu wake naye akazama. Babson aliulaumu uvutano, uliowashika wapenzi wake kama joka na kuwavuta chini. Mwaka 1948 aliandika makala ya kuuita adui wetu wa kwanza, akaanzisha shirika la kuuchunguza na kutoa tuzo kwa insha. Baadaye alitoa fedha kwa vyuo vilivyokubali kusimamisha mawe ya kumbukumbu. Katika chuo cha Tufts lipo moja la mwaka 1961, ambapo wahitimu wa elimu ya ulimwengu hupiga magoti wakaangushiwa tofaa kichwani. Mzaha huo haumdhuru marehemu.

Mwaka 1953 tuzo ilitwaliwa na Bryce DeWitt, ambaye insha yake ilisema waziwazi kwamba kutafuta kizuizi cha uvutano ni kupoteza wakati. Ni ajabu, nami naiona ni sifa kwa watoaji tuzo. Insha ile ilimfungulia mlango: mwaka 1957 wataalamu walikutana Chapel Hill wakajadili kama mawimbi ya uvutano huchukua nishati. Mawimbi hayo yalinaswa na mitambo mwaka 2015.

Likabaki swali moja la haki: je, vitu vya kinyume, viitwavyo antimata, huanguka juu? Mwaka 2023, huko CERN karibu na Geneva, wachunguzi waliziachia atomu za antihaidrojeni kutoka katika mtego wa sumaku. Nyingi zilitokea upande wa chini.