Gofu Awendo: mchezo wa wakubwa uliotufikia sisi wa kawaida

Sisi tuliokulia Mombasa tuliujua uwanja wa gofu kabla ya kuujua mchezo wenyewe. Jioni za Jumapili tulipelekwa Lighthouse kula mihogo na kunywa madafu, na pale pale kando ya bahari kuna Mombasa Golf Club, klabu iliyoanza mwaka 1911. Tukiwaona watu wakifuata kampira keupe juani, tukasema ule ni mchezo wa wenyewe, si wetu. Nimefika miaka ya arubaini na kitu sijashika fimbo ya gofu. Nilikuja kuishika Awendo, mji wa miwa katika Kaunti ya Migori, mbali na bahari na mbali na matajiri.

Nilikwenda kumzuru shemeji yangu anayefanya kazi huko. Jumamosi asubuhi akaniambia, "Shemeji, vaa viatu bapa, leo twende gofu." Nikacheka nikidhani ni mzaha. Saa moja unusu tulikuwa uwanjani. Kwa kuwa tangu nirudi watu wananiuliza maswali yale yale, nimeona niyajibu hapa kwa mpangilio.

Awendo ni wapi, na gofu ilifikaje huko?

Awendo iko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Ukitoka Kisii unapita Rongo, kisha unafika. Mji huu umekuzwa na Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, ambayo kila mtu huiita Sony, iliyoundwa na Serikali mwaka 1976. Kampuni za umma za wakati ule hazikujenga kiwanda peke yake. Zilijenga na nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati na viwanja vya michezo. Ndiyo maana timu ya kandanda ya Sony Sugar, kutoka mji mdogo kama huu, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Klabu ya gofu ya Sony ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Mumias, mji mwingine wa sukari, nao una klabu yake, na ukiongeza Kisii, Kericho, Kakamega na Kisumu, mchezaji wa magharibi ana mahali pengi pa kuzungukia.

Ni gharama gani?

Mchezaji mgeni hulipia mambo matatu: ada ya uwanja kwa siku, ujira wa kedi, yaani mtu anayekubebea mfuko na kukuonyesha njia, na kukodi fimbo kama huna zako. Katika vilabu vikubwa vya mijini kinachowafukuza watu si ada ya siku, bali kiingilio cha uanachama. Katika miji ya viwanda mzigo ni mwepesi zaidi. Nairobi nako kuna Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako mtu hulipa akacheza bila ya kuwa mwanachama. Mimi siku ile sikutumia zaidi ya ninachotumia nikiwapeleka watoto ufuoni siku ya Idi.

Ushauri wangu: piga simu klabu kabla ya kwenda, uulize kama kuna mashindano siku hiyo, kwani siku ya mashindano mgeni hana nafasi. Ukimpata mwanachama wa kuongozana naye, mambo huwa rahisi.

Nibebe nini?

Sheria zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza hahitaji hata nusu yake. Tano zinatosha: moja ndefu ya kuanzia, mbili za chuma za masafa ya kati, moja ya kuinua mpira juu, na moja ya kusukumia mpira shimoni. Fimbo za mtumba zinafaa kabisa. Mipira nunua iliyookotwa, maana utaipoteza. Vaa shati lenye kola, suruali ya heshima na viatu visivyochimba nyasi. Kanzu iache nyumbani. Ukiuzungusha mkwaju ndani ya kanzu, utaanguka wewe na mpira ubaki pale pale.

Mchezo wenyewe unakwendaje?

Raundi kamili ni mashimo 18. Ukicheza tisa ni nusu raundi, na kwa mgeni inatosha. Kila shimo lina hesabu yake ya mikwaju, huitwa pa: tatu, nne au tano kulingana na umbali. Ukitumia mikwaju michache kuliko pa, umefanya vyema sana. Ukizidisha, uko pamoja na wengi wetu. Uzuri wa gofu ni kwamba kuna hendikapu, yaani mikwaju ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa ili ashindane kwa haki na aliye hodari. Kwa mfumo wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020, hendikapu hufika hadi 54. Kwa hivyo babu na mjukuu wanaweza kushindana na mshindi asijulikane hadi mwisho.

Shimo langu la kwanza lilikuwa la pa nne. Nilitumia mikwaju 11. Mkwaju wa kwanza sikuugusa mpira kabisa. Wa pili uliruka kulia ukaishia kwenye majani marefu. Kwa sheria za tangu 2019 una dakika tatu tu za kuutafuta, kisha unahesabiwa umepotea, unaongezewa mkwaju mmoja na kurudi ulikopigia. Kedi wetu, kijana mpole, akanipa mpira mwingine akasema, "Mzee, usitazame unakoenda. Tazama ulipo." Niliufuata ushauri ule, na shimo la nne nikapata pa. Sitasema niliyopata mengine.

Adabu za uwanjani

Mwenzio akijiandaa kupiga, nyamaza na usitembee. Nyasi ulizong'oa, zirudishe. Ukitoka kwenye shimo la mchanga, sawazisha nyayo zako. Walio nyuma yenu wakiwa na kasi, wapisheni. Mpira ukielekea kwa watu, piga kelele bila aibu, kwani ule mpira ni mgumu na huumiza vibaya.

Jambo la pili ni radi. Ukanda wa Ziwa na Kisii una ngurumo kali nyakati za alasiri, hasa msimu wa mvua za masika. Mtu aliyesimama wazi na fimbo ya chuma mkononi anajiweka hatarini. Anza asubuhi, na ukisikia ngurumo acha mchezo uingie ndani. Usisubiri tone la kwanza.

Kwa Waislamu wenzangu walioniuliza: mchezo wenyewe ni kutembea na kulenga, hauna ubaya. Wapo wanaouwekea pesa baina yao, na hiyo ni kamari. Waambie mapema kwamba wewe hauko, na hakuna atakayekulazimisha. Tulimaliza mashimo tisa saa nne na nusu, Adhuhuri ikatukuta nyumbani tumekwisha kuoga.

Kwa nini nayaandika haya

Tukirudi nilimuuliza yule kedi anafanya nini siku ambazo wachezaji hawaji. Akajibu kwamba hungoja. Pale uwanjani wapo wengi kama yeye, na ujira wa mfuko ndio unga na karo ya nyumbani kwao. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza hivyo hivyo, kwa kubeba mifuko ya wengine. Tangu mashindano ya Kenya Open yaanze mwaka 1967 hakuna Mkenya aliyeyashinda. Aliyekaribia ni Jacob Okello mwaka 1998, akashindwa katika mchujo wa kuvunja sare. Atakayelitwaa kombe hilo huenda sasa hivi anabeba mfuko wa mtu.

Lakini viwanja kama hivi huishi kwa afya ya kiwanda. Mumias Sugar iliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019. Mwaka huo huo Sony Sugar, mabingwa wale wa 2006, waliondolewa ligi kuu baada ya kushindwa kufika uwanjani kucheza mechi zao. Na mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni za binafsi kwa miaka 30. Anayekodi kiwanda huhesabu tani za miwa na magunia ya sukari. Nyasi za kuchezea hazimo katika hesabu hiyo mpaka mtu aziweke.

Sisi Wapwani hatuhitaji kufundishwa yanayofuata. Tunajua kiwanja kisichotumika kinavyopata mwenyewe ghafla: leo mabati, kesho hati, kesho kutwa ghorofa. Watoto wanabaki kuchezea barabarani. Wananchi wa Awendo, wafanyakazi, kaunti na mwenye kukodi wanapaswa kukaa wakaandikiana ni nani atakata nyasi na nani ana haki ya kuingia. Nasi wapita njia tuna mchango wetu: ukipita Awendo kwenda Migori, shuka, lipa ada, mpe kedi ujira wake, uzunguke mashimo tisa. Uwanja wenye nyayo za watu si rahisi kuunyakua.

Shemeji ameniahidi fimbo zake za zamani. Zikifika Mombasa, nitakwenda Lighthouse kula mihogo kama kawaida, kisha nivuke ng'ambo ya pili kuulizia ada.