Lango la Mto Thames: Ukuta Unaokubali Kupisha

Sisi tunaosomesha Kiswahili hapa Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, tumezoea maji yenye kupanda na kushuka. Ziwa hujaa hata mwezi wa Mei, kisha hupungua hata Januari, kwa wastani wa meta 1.7 hivi. Maji hayo huja polepole, na mwenye kibanda ufukoni aghalabu hupata wasaa wa kukihamisha. Lakini mji wa mamilioni ya watu hauhamishiki. Ndiyo maana historia ya London yastahili kusimuliwa darasani pamoja na methali yetu: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Adui wa London si mvua peke yake. Mto Thames hujaa na kupwa kama bahari. Dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ikikutana na bamvua, maji ya chumvi husukumwa mtoni hadi mjini. Januari 1928 watu 14 walizama katikati ya London. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 msiba ulikuwa mkubwa zaidi: katika pwani ya mashariki ya Uingereza walikufa watu 307, na Uholanzi zaidi ya 1,800. London yenyewe iliponea chupuchupu.

Kuta za kingo zilikuwa zimekwisha kuinuliwa mara kadhaa, na kuuziba mto kabisa kungezuia meli. Kilichohitajiwa ni mlango. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1972, kazi ikaanza 1974, na tarehe 8 Mei 1984 Malkia Elizabeth wa Pili akakifungua rasmi kizuio hicho huko Woolwich.

Kizuio kina urefu wa meta 520, toka ukingo hadi ukingo, na malango 10. Manne yaliyo makubwa yana upana wa meta 61 kila moja. Malango yaliyo katika njia ya meli hulala chini ya maji, katika kitako cha zege, na meli hupita juu yake. Hatari ikitangazwa, huzungushwa yakasimama wima. Hufungwa mara maji yakiisha kupwa, kabla bahari haijaanza kujaa, ili nyuma yake ibaki nafasi ya kupokea maji ya mto wenyewe.

Basi ufa ulioonekana 1928 ulipata mlango wake baada ya miaka 56, na kila mwaka wa kuahirisha ulikuwa mwaka wa kubahatisha roho za watu. Wala kazi haikwisha: katika majira ya baridi ya 2013 na 2014 malango yalifungwa mara 50, na bahari inazidi kupanda. Mweru haina lango kama hilo, wala pengine halihitaji. Tunalolihitaji sote ni ile tabia iliyolitangulia lango, ya kuyapima maji na kuonyana mapema. Wanafunzi wetu na wajifunze bamvua, kujaa na kupwa kuwa maneno yenye uhai wa watu ndani yake.